Malawi: Mfuko wa mbolea na udongo uliochoka

Kila ifikapo Novemba, mawingu ya mvua za kwanza yanapoanza kujikusanya, wakulima wa Malawi hupanga foleni mbele ya maghala ya pembejeo, vitambulisho vya taifa mkononi, wakingoja mbolea ya ruzuku. Imetimia miaka ishirini tangu ruzuku hiyo iifanye nchi hiyo kuwa mfano barani Afrika. Hata hivyo njaa haijahama, na swali limeanza kugeuka: si bei ya mfuko peke yake, bali udongo unaotiwa mbolea hiyo umebakiwa na nini.

Malawi inapakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji. Karibu sehemu moja ya tano ya eneo lake ni maji, na katika ardhi iliyobaki wanaishi watu wapatao milioni 20, wengi wao vijijini. Familia nyingi hulima eneo lisilofika hekta moja. Katika wilaya za kusini kama Thyolo na Chiradzulu, shamba la nusu hekta si jambo la kushangaza. Mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mkulima aliyekosa mavuno katika miezi hiyo hana msimu wa pili wa kumwokoa, kama alionao mkulima wa Kagera au wa Kilimanjaro. Hungoja mwaka mzima. Na mavuno yenyewe, kwa walio wengi, ni mahindi. Wamalawi husema chimanga ndi moyo, yaani mahindi ni uhai, na chakula kisicho na nsima, ambao ndio ugali wao, hakihesabiwi kuwa mlo kamili.

Mwaka wa neema na gharama yake

Mwaka 2005 ukame uliyashusha mavuno ya mahindi hadi takriban tani milioni 1.2, zaidi kidogo ya nusu ya mahitaji ya nchi. Karibu watu milioni tano, kati ya milioni 13 wa wakati huo, walihitaji msaada wa chakula. Rais Bingu wa Mutharika aliamua kufanya jambo ambalo baadhi ya wafadhili wakubwa walikuwa wakilipinga kwa miaka mingi: serikali iligawa vocha zilizomwezesha mkulima mdogo kununua mbolea na mbegu bora kwa sehemu ndogo ya bei ya soko. Mvua nazo zilikuwa njema. Mavuno yakapanda hadi tani milioni 2.6 mwaka 2006 na milioni 3.4 mwaka 2007, kwa mujibu wa takwimu rasmi ambazo baadhi ya wachumi waliziona kuwa za juu mno. Malawi, iliyokuwa ikiomba chakula, ikauza mahindi Zimbabwe.

Juni 2006 viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliazimia kuongeza matumizi ya mbolea barani kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa baadaye, kila ruzuku ya pembejeo ilipojadiliwa, jina la Malawi lilitajwa. Haukupita muda mrefu Tanzania nayo ikawa na vocha zake.

Si haki kuyadharau mafanikio hayo. Mtoto aliyekula mwaka 2006 alikula kweli, na aliyewahi kuona kijiji kikiokota mizizi ya porini kwa ajili ya chakula cha jioni hawezi kuuita mfuko wa mbolea anasa. Lakini neema hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa dola. Malawi haina bahari. Mbolea huifikia kupitia bandari za Beira, Nacala na Dar es Salaam, kisha husafiri mamia ya kilomita nchi kavu, na fedha za kigeni za kuilipia hutokana kwa kiasi kikubwa na zao la tumbaku. Katika baadhi ya miaka ruzuku ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara ya kilimo. Kilichobaki kiligawanywa kwa utafiti, maafisa ugani, umwagiliaji na hifadhi ya ardhi, nacho kilikuwa kidogo.

Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 2021 na 2022. Bei ya mbolea katika soko la dunia ilipaa, kwanza kwa sababu ya kupanda kwa gesi asilia ambayo ndiyo malighafi kuu ya urea, kisha kwa sababu ya vita vya Ukraine. Novemba 2023 benki kuu ya Malawi ilishusha thamani ya sarafu, na dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Mpango wa pembejeo nafuu ulioanzishwa mwaka 2020 chini ya Rais Lazarus Chakwera ulikusudia kuzifikia familia zaidi ya milioni 3.5. Kufikia msimu wa 2023/24 ulikuwa umebanwa hadi takriban milioni 1.5.

Na ruzuku haileti mvua. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliikumba Malawi ya kusini. Watu zaidi ya 670 walithibitishwa kufariki, mamia wengine hawakuonekana tena, na mashamba ya mteremkoni yalibaki miamba na changarawe. Mwaka mmoja baadaye, katika msimu wa El Niño, mvua zilikatika mahindi yakiwa yanachanua, na serikali ikatangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Uchaguzi wa Septemba 2025, uliomwondoa Chakwera na kumrejesha madarakani Peter Mutharika, nduguye marehemu Bingu, ulifanyika huku chakula kikiwa ghali na dola zikiwa adimu.

Hesabu iliyomo ndani ya mfuko

Ili kuelewa kwa nini mbolea ileile inaweza kumtajirisha mmoja na kumwacha mwingine alivyokuwa, hesabu ndogo inatosha. Mfuko wa urea wa kilo 50 una takriban kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho ambacho mahindi hukihitaji kwa wingi kuliko vyote. Katika udongo wenye afya na mvua za kutosha, kila kilo ya naitrojeni inaweza kuongeza kilo 20 za mahindi au zaidi. Katika mashamba yaliyochoka, vipimo vilivyofanywa kwa wakulima wa Malawi vimeonyesha mara nyingi nusu ya kiwango hicho, na pengine pungufu zaidi. Hivyo, kwa mfuko mmoja, mkulima wa kwanza hupata nyongeza ya kilo 460 na wa pili kilo 230. Wote wawili wamelipa bei moja. Serikali pia imetoa ruzuku ile ile kwa wote wawili.

Tofauti hiyo hutokana na mambo kadhaa yanayokwenda pamoja. La kwanza ni mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyooza na kuchanganyika na udongo. Mboji hushika maji na virutubisho mithili ya sifongo. Ikipungua, mvua kubwa ya Desemba huichukua naitrojeni na kuishusha chini kusikofikiwa na mizizi, au kuisomba hadi mtoni. Zamani shamba lilipochoka liliachwa likapumzika kwa miaka mingi, nyasi na vichaka vikairudisha mboji hiyo. Kwa familia yenye nusu hekta na watoto sita, kupumzisha shamba ni kulala njaa.

Jambo la pili ni uchachu wa udongo. Miaka mingi ya kulima mahindi peke yake na kutia mbolea za aina moja huongeza asidi, na udongo wenye asidi nyingi huifunga fosforasi kiasi kwamba mmea hauwezi kuinyonya, hata ikiwapo.

La tatu halionekani kwa macho mpaka mtu achimbe. Mkulima wa Malawi hulima kwa matuta. Kila mwaka hulipasua tuta la zamani kwa jembe la mkono na kuinua jipya kwenye mfereji uliokuwa kando yake. Jembe hupiga kina kilekile, miguu hukanyaga palepale, na baada ya miaka mingi hutokea tabaka gumu chini kidogo ya uso wa ardhi. Mizizi ikilifikia hupinda na kutambaa pembeni. Maji nayo hushindwa kupenya, hujaa kwenye mifereji, hulivunja tuta lililo dhaifu na kushuka na udongo wa juu. Ndiyo maana shamba moja linaweza kuharibiwa na mafuriko Januari na kukauka Februari.

Matuta yenyewe yana historia yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 utawala wa Kiingereza wa Nyasaland, kama nchi hiyo ilivyoitwa, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta na makinga maji, na aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Amri hizo, zilizojulikana kwa jina la malimidwe, zikawa miongoni mwa manung'uniko yaliyoupa nguvu upinzani dhidi ya ukoloni. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumwamrisha mkulima afanye kazi nzito shambani mwake bila kumuuliza wala kumwonyesha faida yake, na kumbukumbu ya jambo la namna hiyo haifutiki kwa kizazi kimoja.

Miti inayolisha mahindi

Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Makoka, wilayani Zomba, watafiti walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupanda mahindi katikati ya mistari ya glirisidia, mti wenye asili ya Amerika ya Kati ambao hata katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki hupandwa kama ua. Glirisidia ni jamii ya mikunde. Mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaoichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kabla ya mvua mti hukatwa karibu na ardhi, majani na matawi yake mabichi hufukiwa kwenye matuta, kisha mahindi hupandwa juu yake. Kisiki huchipua tena. Hupogolewa mara mbili au tatu kwa mwaka ili kisiyafunike mahindi kwa kivuli, na kila mapogoleo hurudishwa ardhini.

Matokeo ya zaidi ya miaka kumi mfululizo yalikuwa ya wazi. Mahindi yaliyolimwa peke yake bila mbolea yalitoa karibu tani moja kwa hekta au chini ya hapo. Yaliyochanganywa na glirisidia, bila mbolea ya dukani, yalitoa wastani wa zaidi ya tani tatu. Majani hayo hayakuongeza naitrojeni tu. Yaliirudisha mboji, na udongo ukashika maji zaidi. Upungufu mmoja ulibaki: mti hauwezi kutengeneza fosforasi. Unachoweza ni kuipandisha iliyo chini na kuizungusha, na pale ambapo haipo kabisa sharti iletwe kutoka nje, kwa mfuko. Wanaowauzia wakulima fikra kwamba miti inaondoa kabisa haja ya mbolea huipita hoja hiyo upesi mno.

Upo mti mwingine ambao Wamalawi hawakuhitaji kufundishwa na mtafiti. Ni msangu, wa jamii ya migunga, unaoonekana kwa wingi katika mashamba ya ukanda wa ziwa. Tabia yake ni kinyume cha miti mingi: hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua kiangazi. Kwa hiyo katika miezi ambayo mahindi yanakua, msangu husimama mtupu, hauyanyimi mwanga wala haugombanii maji nayo sana, huku majani yake yakiozea chini. Wakati wa kiangazi hutoa kivuli, na maganda yake huliwa na mifugo. Wazee wengi hawakuukata walipofyeka mashamba. Udhaifu wake ni umri: hupita zaidi ya miaka kumi kabla mche haujaanza kuurutubisha udongo kwa kiasi cha kuonekana. Anayeupanda leo huwapandia wanawe.

Kwa mkulima asiyeweza kungoja, mbaazi ziko karibu zaidi. Hupandwa siku moja na karanga, katika shamba moja, bila kugombana. Mbaazi hukua taratibu sana katika miezi ya mwanzo, karanga zikapata nafasi ya kutanda na kukomaa. Zikishang'olewa, mbaazi huinuka na kuutumia unyevu uliobaki chini, kwa mizizi inayoshuka kina kirefu na kulitoboa hata lile tabaka gumu. Mkulima huvuna mara mbili, na majani ya mazao yote mawili hubaki shambani kwa ajili ya mahindi ya mwaka unaofuata.

Utafiti mkubwa uliofanywa katika mamia ya mashamba ya wakulima nchini Malawi, na kuchapishwa mwaka 2010, ulilinganisha mahindi yaliyolimwa peke yake kwa mbolea kamili na mahindi yaliyopokezana na mikunde kwa nusu ya mbolea hiyo. Kiasi cha nafaka kilikuwa sawa. Kilichotofautiana ni uthabiti: mavuno ya mashamba yenye mikunde yaliyumba kidogo zaidi, kwa asilimia 13 badala ya 22, na protini iliyopatikana iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Kwa nchi inayotumia dola zake za mwisho kununua urea, nusu ya mbolea si jambo dogo. Kwa familia isiyo na akiba, mavuno yasiyoyumba huenda yakawa na thamani kuliko mavuno makubwa ya mwaka mmoja.

Somo la Ekwendeni

Jambo ambalo takwimu hizo hazikulisema lilijitokeza kaskazini, Ekwendeni, wilayani Mzimba. Mwaka 2000 hospitali ya hapo ilikuwa ikiwatibu watoto wenye utapiamlo, kuwaruhusu warudi nyumbani na kuwapokea tena. Ndipo ulipoanza mradi wa udongo, chakula na afya ya jamii, ambapo wakulima wenyewe waliunda timu ya utafiti, wakachagua mikunde ya kujaribu na kuwafundisha wenzao. Badala ya kuchoma masalia ya mazao, kama ilivyokuwa desturi, waliyafukia.

Udongo uliitika. Lakini timu hiyo iligundua upesi kwamba karanga nyingi shambani hazimfikii mtoto kwa njia iliyonyooka. Kazi ya kufukia masalia iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa wakilima, kuchota maji, kuokota kuni na kulea. Mara nyingi aliyeuza karanga alikuwa mume, na fedha hazikurudi jikoni zote. Aliyeamua mtoto aanze kula nini, na akiwa na umri gani, mara nyingi alikuwa bibi, mama wa baba, ambaye hakuna afisa lishe aliyewahi kumwita kwenye kikao. Mradi ukawaita mabibi. Ukaandaa siku za mapishi ambapo wanaume walipika uji wa soya na mboga za kunde mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo mwanzoni lilileta vicheko na baadaye likazoeleka. Tafiti za miaka iliyofuata zilionyesha uzito wa watoto ukiongezeka katika familia zilizoshiriki kwa kina.

Kwa nini hayajaenea

Kama mambo haya yanajulikana kwa miaka thelathini, kwa nini mashamba mengi ya Malawi bado ni mahindi matupu? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wakulima hawana elimu. Jibu hilo ni rahisi na kwa sehemu kubwa si kweli.

Kizuizi cha kwanza ni njaa yenyewe. Januari na Februari, magugu yanapoota kwa kasi, ndipo ghala la familia maskini linapokuwa tupu. Mama huamka alfajiri kwenda kupalilia shamba la jirani mwenye uwezo ili apate unga wa siku hiyo. Kazi hiyo ya kibarua huitwa ganyu. Anaporudi jioni, shamba lake mwenyewe limepitwa na siku nyingine ya palizi. Mavuno yake yatakuwa haba, na mwaka ujao ataenda ganyu mapema zaidi. Kumtaka mtu wa namna hiyo apogoe glirisidia mara tatu kwa msimu, kwa faida itakayoonekana mwaka wa tatu, ni kumtaka atoe kitu ambacho hana, yaani muda.

Cha pili ni ardhi. Katika sehemu kubwa ya Malawi ya kati na kusini ukoo hufuata upande wa mama, na mume huhamia kijijini kwa mkewe. Ndoa ikivunjika au mke akifariki, huondoka na kuiacha ardhi. Watafiti waliofuatilia upandaji wa miti katika maeneo hayo walikuta jambo ambalo mwanakijiji yeyote angewaambia: mwanaume asiye na hakika ya kuwapo baada ya miaka kumi hapandi mti wa miaka kumi. Mbinu ileile inayokubalika kaskazini, ambako ukoo hufuata upande wa baba, inaweza kukataliwa Zomba bila mtu yeyote kuwa mjinga.

Cha tatu ni mbuzi. Mahindi yakishavunwa, kwa desturi mifugo huachiwa huru kuzurura mashambani. Lakini wakati huo ndipo mbaazi zinapotoa maua. Mkulima mmoja aliyepanda mbaazi katikati ya majirani wasiopanda huwa amewalimia mbuzi wa kijiji kizima. Pale ambapo machifu wamekubaliana na watu wao kuifunga mifugo kwa miezi michache zaidi, mbaazi zimestawi; pasipo makubaliano, hakuna semina inayosaidia. Ni suala la sheria ndogo za kijiji, na halimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Na cha nne ni soko. Mbaazi za Afrika Mashariki na Kusini hununuliwa kwa wingi na India. Agosti 2017, baada ya mavuno yake kuwa makubwa, India iliweka ukomo wa mbaazi kutoka nje, na bei ikaporomoka kwa wakulima waliokuwa wamehimizwa kulima zao hilo, wa Malawi na Msumbiji na vilevile wa Lindi, Mtwara na Manyara nchini Tanzania. Wengi waliziacha shambani. Mwaka 2021 India ilikubali kununua kutoka Malawi tani 50,000 kwa mwaka kwa kipindi cha miaka mitano, hatua iliyorudisha matumaini kiasi. Hata hivyo mkulima aliyeuza kwa hasara mwaka 2017 huuliza kwanza mnunuzi ni nani ndipo aulize mbegu ziko wapi.

Mbolea kidogo, mboji zaidi

Mabishano kati ya wanaotetea mbolea ya viwandani na wanaoipinga yamechukua miaka mingi, na mashambani hayana uzito yaliyonao kwenye makongamano. Mkulima wa kawaida wa Malawi hutumia vyote anavyovipata. Ushahidi unaonekana katika mchanganyiko unaojulikana kama mbolea ya Mbeya: kilo 10 za mbolea ya dukani huchanganywa na kilo 20 za pumba za mahindi, kilo 20 za samadi ya mbuzi, nguruwe au kuku, kilo 10 za majivu na maji kiasi, kisha hufungwa vizuri kwenye mfuko kwa siku 21. Kilo 10 huzaa 60. Virutubisho vyake si sawa na vya mifuko kamili, lakini kila shimo la mahindi hupata kitu, na mboji huingia ardhini pamoja nacho. Mbolea ilipopanda bei, mchanganyiko huo ulienea kuliko mbinu nyingi zilizobuniwa kwa fedha za wafadhili.

Karibu na Mzuzu, shirika la Tiyeni limejikita katika lile tabaka gumu. Wakulima hulivunja kwa sururu mara moja, kisha huinua matuta mapana yasiyokanyagwa, yaliyopangwa kufuata usawa wa mteremko na kuzuiwa kwa nyasi za vetiva. Mwaka wa kwanza kazi ni nzito mno, na ndiyo maana hufanywa kwa vikundi, shamba hili leo na lile kesho. Miaka inayofuata jembe hupumzika, kwa kuwa tuta halipasuliwi tena.

Serikali imechukua baadhi ya mafunzo hayo, kwa nusunusu. Vifurushi vya ruzuku vya miaka ya nyuma viliwahi kuwa na mbegu za mikunde, ingawa sehemu kubwa ya fedha iliendelea kwenda kwenye mbolea ya mahindi. Afisa ugani mmoja hutakiwa kuwahudumia wakulima elfu mbili au zaidi, akiwa na pikipiki isiyo na mafuta, na pengo hilo huzibwa na wakulima viongozi wanaowafundisha majirani bila mshahara. Mei 2024, katika mkutano wa Nairobi kuhusu mbolea na afya ya udongo, viongozi wa Afrika walirudi kwenye ahadi ya Abuja, safari hii udongo ukitajwa kwenye kichwa cha azimio. Kwa Malawi, kulitekeleza azimio hilo kungemaanisha kuhamisha sehemu ya fedha za mfuko, ambao mpiga kura huuona, kwenda kwenye mbegu, ugani na kazi ya miaka mitatu ambayo haipigiki picha siku ya uzinduzi.

Mipango yenye kuelekea huko huanza na ule mwezi wa Januari. Ipo inayowalipa watu maskini ujira kwa kufanya kazi za kuhifadhi udongo na vyanzo vya maji, ili fedha zinazopatikana kwa kibarua zibakize kitu katika ardhi. Na huko Ekwendeni mbegu zilikopeshwa: mkulima alipewa kiasi kidogo cha karanga, soya au mbaazi alizozichagua mwenyewe, na baada ya mavuno alirudisha sehemu ya mbegu kwenye akiba ya pamoja, ikachukuliwa na familia nyingine kabla ya mvua za Novemba.